Gari linamisi na taa ya injini imewaka: usinunue koili bado

Gari linaingia gereji likimisi, yaani silinda inakosa kuwaka, likitetemeka kama mtu mwenye homa, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na mwenyewe anashuka na koili mpya mkononi, kile kifaa kinachoipa plagi moto. Ukimuuliza nani kamwambia ni koili, anajibu: mashine imesema.

Mashine ya kusoma hitilafu (skana) haikusema koili. Imetoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0303, na maana ya P0303 ni moja tu: silinda namba 3 haichomi inavyotakiwa. Kwa nini haichomi, hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza, na ndipo watu wengi wanapomwaga pesa.

Elewa kwanza kompyuta inajuaje. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 375 ndani ya dakika hiyo, na kila ikiwaka inaisukuma kranki, mhimili unaozungushwa na silinda zote. Kuna sensa inayohesabu mwendo wa kranki. Silinda ikikosa kuwaka, kranki inapungua kasi kidogo mno, sensa inaiona, na kwa kuwa kompyuta inajua zamu ilikuwa ya nani, inaandika namba ya silinda. Basi. Kilichokosekana kinaweza kuwa moto wa plagi, mafuta, hewa sahihi au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na kranki haina namna ya kueleza ni kipi.

Kabla sijafungua boneti nauliza swali moja: taa ilikuwa imetulia, au inawaka na kuzima? Ikitulia, una muda wa kulipeleka gari kwa fundi taratibu. Ikiwa inawaka na kuzima, kompyuta inakuambia kwamba petroli isiyoungua inapita kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Masega yakipata joto hilo yanayeyuka na kuziba njia ya moshi, na hapo tatizo la plagi moja linakuwa tatizo la ekzosi nzima. Kaa pembeni, zima injini. Nawasihi sana kwenye hili, kwa sababu nimeshafungua masega yaliyoyeyuka ya magari ambayo yangepona kwa plagi tu.

Jambo la pili: tafadhali usichomoe betri ili taa izime. Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa wakati hitilafu inaandikwa: joto la maji, mzunguko, mwendo wa gari. Kodi iliyoandikwa injini ikiwa ya baridi asubuhi na kodi iliyoandikwa gari likipanda mlima hazinipeleki sehemu moja. Ukichomoa betri, ushahidi wote huo umeufuta.

Kusoma kodi si siri ya gereji. Tundu la pini 16 chini ya usukani lilikuwa sharti Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Ndiyo maana kodi zinazoanza na P0 zina maana ileile kwenye aina nyingi za magari. Zinazoanza na P1 ni za mtengenezaji mwenyewe, hizo tafuta maana yake kwa gari lako hasa.

Sasa turudi kwa P0303. Ninachofanya kwanza hakina gharama: natoa koili ya silinda 3 naiweka silinda 1, ya 1 naipeleka 3, nafuta kodi, nawasha. Ikirudi P0301, tatizo limehama na koili, basi koili ni mbovu na inunuliwe. Ikirudi P0303 ileile, koili umeitoa lawamani. Fanya hivyohivyo na plagi. Nozeli, inayopuliza mafuta, nayo inahamishika, ila kwenye injini nyingi ina kazi ya kufungua, kwa hiyo naiacha nyuma.

Plagi ukishaitoa usiitupe. Ishike kwenye mwanga, uizungushe. Mara nyingi watu wanaangalia ncha tu, lakini mimi naanzia kwenye kaure nyeupe. Ukiona mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli kutoka juu hadi kwenye chuma, moto ulikuwa unapita nje ya plagi badala ya kuruka kwenye ncha. Halafu chungulia ndani ya mpira wa koili: mara nyingi mstari huohuo umejichora na huko. Ukiweka plagi mpya na kurudisha mpira ule wa zamani, moto utaifuata njia yake ileile na plagi mpya itaharibika. Na kama plagi imetoka imelowa oili kwa nje, shimo la plagi limejaa oili kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali. Gasketi ndiyo ya kuanza nayo.

Mtihani mgumu ni pale kodi inapokuwa P0300, yaani silinda zinakosa bila mpangilio, na imeongozana na P0171. Gari moja lilinifikia hivyo likiwa limeshabadilishwa plagi zote 4, koili 2 na sensa ya oksijeni, na bado likiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa, lilikuwa linataka kuzima. Iliniuma, maana vyote vilivyotolewa vilikuwa vizima.

P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Kompyuta inalenga sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Sensa ya oksijeni ikiripoti hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta, na kiasi ilichoongeza unaweza kukisoma kwa asilimia kwenye skana. Kwa kawaida namba hiyo inacheza karibu na sifuri, haizidi 10 juu au chini ya sifuri. Hilo gari likiwa sailensi lilikuwa linasoma +22. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 na kutulia hapo: ikashuka hadi +5.

Huko kushuka ndiko kulikonipa jibu. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inayopita kwenye ufa ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ukikanyaga, inavuta hewa nyingi na ule wizi unakuwa mdogo ukilinganisha. Ingekuwa kinyume, namba inapanda kadiri unavyokanyaga, ningekwenda kwenye pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka.

Nikapuliza moshi wa kupimia kwenye njia ya hewa. Ukatoka nyuma ya injini, chini, pasipoonekana kwa macho. Nilipopitisha kidole nikaukuta mpira wa kurudisha mvuke wa oili umelainika na kuteleza, umepasuka upande wa chini. Kwa juu ulionekana mzima kabisa. Kuna wanaotafuta ufa kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta injini ikiwa inawaka. Mimi siifanyi, dawa hiyo inashika moto na ekzosi iko palepale.

Plagi, koili, mafuta na hewa vikiwa sawa na silinda bado inakosa, pima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, weka oili kidogo kupitia shimo la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, ikibaki palepale, shuku vali au gasketi ya silinda hedi.

Tulipobadilisha ule mpira nilifuta kodi, nikalizungusha gari hadi injini ikapata moto kamili, nikarudi nikaliacha sailensi huku naangalia skana. Namba ikashuka taratibu hadi +3 na kutulia. Hesabu ya kumisi ikabaki sifuri kwenye silinda zote 4.