Mheshimiwa hazibui mtaro

"Huyu mwakilishi wadi tumemchagua vipindi vitatu na mtaro wetu bado umeziba." Mtu anayepokea malalamiko ya wananchi Mombasa, kuanzia Mtongwe hadi Mwakirunge, huyasikia haya kabla chai haijapoa. Inachosha.

Dhana: mwakilishi wadi ndiye mwenye pesa za maendeleo, na kadiri anavyokaa katika bunge la kaunti ndivyo fungu lake linavyonona.

Ukweli: hana fungu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamkataza mjumbe kujihusisha, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na kazi za utendaji za kaunti. Hatoi zabuni, halipi mwanakandarasi, haamuru tingatinga. Anatunga sheria, anapitisha bajeti, anamsimamia gavana na mawaziri wake, na anafikisha mnayomwambia. Basi.

Dhana hii ina chimbuko. Enzi za baraza la manispaa, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, madiwani walitunga sheria ndogo na papo hapo wakakaa kwenye kamati zilizoamua kazi za mji. Diwani aliweza kweli kusukuma mtaro. Katiba ya 2010 ikatenganisha kazi hizo mbili, lakini picha ya diwani ikabaki vichwani. Waheshimiwa nao huifurahia wakati wa kampeni, kisha hulalamika wanapoletewa michango ya matanga.

Mtaro huzibuliwaje, basi? Kwanza jua barabara ni ya nani. Ile kuu ya kwenda Malindi, inayopita Bamburi, ni ya KeNHA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara kuu, si ya kaunti. Usimsumbue mtu wa bure. Mitaro ya ndani ya mtaa ndiyo ya kaunti.

Pili, kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya Septemba 1 kupita, waraka wa sera ya fedha unaoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kila idara Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Watu hujaa ukumbini Mei, wakapaza sauti, wakanywa soda, wakarudi nyumbani. Mei mmechelewa! Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake, na kinachoongezwa hapa lazima kikatwe pengine. Ombi la mtaro lipelekwe Julai au Agosti, likumbushwe Januari.

Tatu, andika. "Mtaro wetu ni mbaya" haimsaidii yeyote. Andika hivi: "Mtaro wa kutoka msikitini hadi stendi ya matatu, Wadi ya Junda, mita 240. Mita 60 za mwisho zimejaa mchanga, vifuniko 11 havipo, mvua ikinyesha maji huingia nyumba za upande wa chini." Toa nakala tatu: moja ya idara, moja ya karani wa bunge, na ya tatu ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri hukupeleka kitu.

Makadirio yakitoka, tafuta jina la mradi na kiasi chake. Ukikuta "ukarabati wa mitaro, kaunti nzima", hapo ndipo mwakilishi wako anapohitajika: adai kwenye kamati kwamba fungu litajwe wadi kwa wadi. Na pesa zikitengwa halafu mwanakandarasi haonekani, mwombe aitishe taarifa bungeni, jibu liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge.

Ukongwe unafaa hapa. Wa kipindi cha tatu anazijua kanuni za kudumu za bunge, na anajua waziri hukwepea wapi. Ukitaka kumpima, soma Hansard na ripoti za kamati zake, usihesabu mahema ya harusi aliyolipia.

Mengine nitayapitia mbiombio.

Eti mwisho ni vipindi viwili. Kikomo hicho ni cha gavana; Hassan Joho, gavana wa kwanza wa Mombasa, aliingia 2013, akaondoka 2022. Mwakilishi wadi hugombea mpaka wapiga kura wamchoke.

Eti mkongwe hupanda kuwa Spika. Spika huchaguliwa miongoni mwa watu wasio wajumbe. Waziri wa kaunti vilevile: akiutaka uwaziri, kiti anakiacha.

Eti wanajipangia mishahara. Hupangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu.

Eti mjumbe wa kuteuliwa hapigi kura bungeni. Anapiga, sawa kabisa na wale 30 waliochaguliwa na wadi za Mombasa.

Eti darasa la shule ya msingi ni lake. La, hiyo ni serikali kuu, na mara nyingi ni NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa serikali kuu kwa kila eneo bunge. Chekechea ndiyo ya kaunti.

Eti kiti ni chake miaka mitano hata asipoonekana. Akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti huwa wazi. Kama una shaka, mwandikie karani uombe rekodi ya mahudhurio ukitaja Sheria ya Upatikanaji Habari ya 2016. Kuomba hakulipiwi, na uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 21. Hapo pia, muhuri.