Komedi ya muziki ya kufananisha watu: ni nini hasa, na kwa nini Hollywood ya miaka ya 1930 iliipenda hivyo

Hii ni aina ya muvi ambayo watu wawili wanapendana vizuri tu, hakuna kizuizi chochote cha kweli kati yao, ila mmoja anamdhania mwenzake ni mtu mwingine, na kosa hilo moja ndo linabeba stori nzima mpaka karibu na mwisho, huku katikati wanaimba na kucheza. Hollywood ya mwanzo wa sinema za sauti, yaani kuanzia 1929 hivi mpaka mwishoni mwa miaka ya 30, ilizitengeneza sana, na mara nyingi kosa lenyewe linahusu ndoa: huyu ni mume wa nani, yule ameoa au hajaoa, hii ndoa imefungwa kweli au haikufungwa.

Mfano ambao naona unaeleza kila kitu ni Top Hat ya 1935, kampuni ya RKO, director Mark Sandrich, nyimbo za Irving Berlin, steringi ni Fred Astaire na Ginger Rogers. Naieleza kwa urefu maana ukiishika hii zingine zote utazielewa zenyewe.

Jerry ni mcheza dansi kutoka Marekani, amekuja London kufanya shoo ya rafiki yake Horace. Usiku yuko kwenye chumba cha hoteli cha Horace, anaimba kwamba yeye hana mke wala kamba ya kumfunga, halafu anaanza kupiga viatu sakafuni ta-ta-ta kwa raha zake. Chumba cha chini yake amelala Dale, na usingizi unakatika. Dale anapanda juu kwa hasira, anagombeza, Jerry anamwona na hapohapo kaisha. Dale akirudi chini, Jerry anachukua mchanga wa kwenye chombo cha kuzimia sigara, anaumwaga sakafuni, anacheza taratibu juu yake, viatu vinasugua tu kwa sauti laini kama mtu anabembeleza mtoto, na kule chini Dale anatabasamu na kulala. Bado hata majina hawajaambiana. Kesho yake mvua inawakuta bustanini, wanajibanza chini ya kibanda cha bendi, wanacheza pamoja, na sasa na yeye Dale moyo umeshaenda.

Sasa ndo kosa linaingia. Dale ana shosti wake anaitwa Madge, na Madge ni mke wa Horace, ila Dale hajawahi kumwona huyo mume. Anapata taarifa kwamba mume wa Madge yuko hoteli hiyohiyo, tena chumba cha juu yake. Anauliza Horace ni yupi, anaambiwa ni yule bwana mwenye mkoba na fimbo, anageuka, anamkuta aliyeshika mkoba na fimbo ni Jerry. Basi. Jamaa aliyempenda jana ndo mume wa shosti wake. Jerry anakuja na tabasamu lake, anazabwa kofi, na hajui kosa lake ni nini.

Angalia kilichofanyika hapo maana ndo injini ya dhana nzima. Sisi tunaotazama tunajua ukweli wote, Dale anajua nusu, Jerry hajui chochote. Na neno moja tu lingetosha kumaliza kila kitu, angesema "mimi naitwa Jerry" muvi imeisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi ni kuhakikisha jina hilo halitamkwi, kila likikaribia kutamkwa mtu anaingia, simu inalia, mmoja anakasirika anaondoka, na kila kinachosemwa kiwe na maana mbili, moja kwa msemaji na nyingine kwa msikilizaji. Hii ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ninapowasikia watu wanasema stori za muvi hizi ni za kijinga, ni za kujazia tu nafasi kati ya wimbo na wimbo, naona hawajaziangalia vizuri.

Ushahidi wangu ni scene ya Cheek to Cheek. Wameshahamia Venice (Venice yote hiyo ilijengwa studio, mfereji, madaraja, kila kitu), Madge yupo, na Madge anataka kumkutanisha shosti wake na huyu kijana Jerry ambaye anamjua ni single. Wakiwa mezani anawahimiza wakacheze. Lakini kwa macho ya Dale kinachotokea ni mke anamsukumia mume wake wa ndoa kwa mwanamke mwingine, tena wakiwa wanacheza Madge anawapa ishara kwa mbali wasogeleane zaidi! Dale haelewi dunia imekuwaje. Mwishoni anaamua kama mwenye mume hajali basi na yeye hajali, anaacha moyo ufuate. Jerry anamwimbia kwamba yuko mbinguni, na kwake ni kweli yuko mbinguni, ila mwanamke aliye mikononi mwake anaamini anatenda dhambi na rafiki yake anamtazama. Dansi ileile, mwili mmoja una furaha tupu na mwingine una furaha na hatia kwa pamoja. Ukiondoa kufananisha, unabaki na watu wawili wanaocheza vizuri, basi, lakini kosa lile ndo linafanya kila hatua na kila mzunguko uwe na uzito, na uso wa Ginger Rogers unaonyesha yote hayo bila kusema neno. Halafu Jerry anatangaza nia ya kumuoa, Dale anajua huyu tayari ana mke, kofi lingine.

Gauni la Ginger kwenye dansi hiyo lina manyoya ya mbuni, na wakati wa kurekodi yalikuwa yanapuputika yanamwingia Astaire machoni na kuganda kwenye suti yake, ugomvi ukawa mkubwa, ukitazama kwa makini utaona manyoya mawili matatu yanaelea. Baadaye walipatana na akawa anamtania kwa jina la Feathers.

Kwa hasira na maumivu Dale anakubali kuolewa harakaharaka na Beddini, fundi wa mitindo ambaye yeye huvaa magauni yake kuyatangaza. Sasa imekuwa balaa la kweli, maana kosa limezaa ndoa. Na hapo muvi inatoa ufunguo wake: aliyewafungisha ndoa hakuwa mchungaji, alikuwa Bates, mtumishi wa Horace, aliyetumwa kumfuatilia Dale na akawa amejivika kola ya mchungaji. Ndoa batili. Kwa hiyo kufananisha kulikoharibu kila kitu ndiko kunakotengeneza, mtu kudhaniwa siye kunavunja, mtu mwingine kudhaniwa siye kunaokoa. Napenda sana ulinganifu huo.

Sasa kwa nini ndoa, na kwa nini miaka hiyo? Jibu fupi ni sheria za maadili. Studio za Hollywood zilikubaliana kanuni za maadili mwaka 1930, watu wakaziita kanuni za Hays kwa jina la Will Hays aliyeongoza chama chao, lakini miaka minne ya kwanza zilikuwa karatasi tu. Mwaka 1934 ndo zikapewa meno, ofisi chini ya Joseph Breen ikawa inasoma script na kukagua muvi, bila mhuri wake muvi haionyeshwi kwenye majumba ya studio kubwa. Na kanuni zilisema wazi kwamba heshima ya ndoa na nyumba ilindwe, kuchepuka kusitetewe wala kusionyeshwe kama kitu cha kuvutia.

Linganisha na muvi ya kabla ya meno hayo. Mwaka 1932 Ernst Lubitsch alitoa One Hour with You, Maurice Chevalier ni daktari wa Paris anayempenda mke wake, Jeanette MacDonald, halafu shosti wa mke anakuja na kumtaka waziwazi, na jamaa anachepuka kweli, tena anatugeukia sisi watazamaji anatuimbia kutuuliza wewe ungekuwa mimi ungefanyaje. Pembetatu ni ileile kabisa ya Top Hat: mke, mume, na shosti wa mke. Tofauti ni miaka mitatu na mhuri mmoja. Mwaka 1932 shosti anamchukua mume wa mwenzake, mwaka 1935 shosti anadhani tu anamchukua. Watazamaji wanapata msisimko uleule, wivu uleule, mapigo ya moyo yaleyale, na ukimaliza kuhesabu dhambi unakuta hakuna hata mmoja aliyefanya kitu. Ndo maana nasema kufananisha ilikuwa njia ya kuongelea usaliti wa ndoa kwenye kipindi ambacho kuuonyesha waziwazi kulikuwa shida.

Muvi inayosimama katikati ya mabadiliko hayo ni The Gay Divorcee, Oktoba 1934, Astaire na Rogers na Sandrich haohao. Hii ukitaka kuielewa lazima ujue sheria ya Uingereza ya wakati ule. Mpaka sheria ya 1937 ilipobadilisha mambo, sababu ya talaka iliyokubalika ilikuwa ni uzinzi kwa vitendo, sio kupigwa, sio kutelekezwa, na mahakama ikigundua mume na mke wamepanga pamoja basi talaka hakuna. Kwa hiyo watu waliochokana walikuwa wanatengeneza ushahidi: unaenda hoteli ya pwani, unakodi mtu wa kukaa naye chumbani, pengine mnacheza karata usiku kucha, asubuhi mhudumu analeta chai anawaona, ushahidi umepatikana. Kwenye muvi, mwanamke anayeitwa Mimi (hilo ni jina lake, ndo Ginger Rogers) anataka kuachana na mume wake, mwanasheria wake anamkodia mtu wa kazi hiyo na kumpa neno la siri la kujitambulisha. Wakati huohuo Guy, kijana aliyekutana naye bandarini gauni lake limebanwa na sanduku, anamtafuta kila kona kwa sababu ya mapenzi tu, na anapompata hotelini anatamka lile neno la siri bila kujua maana yake. Basi Mimi anamwona mwanaume aliyeanza kumpenda na kuamini kwamba kazi yake ya kujipatia mkate ni kulala hotelini na wake za watu. Anavunjika moyo, na bado inabidi amwambie aje chumbani usiku!

Mchezo wa jukwaani ilikotoka uliitwa Gay Divorce, na wakaguzi wa Hollywood hawakutaka hilo jina, wakaona talaka haiwezi kuitwa ya furaha ila mtu aliyeachika anaweza kuwa na furaha, jina likaongezwa herufi likapita. Nyimbo za Cole Porter nazo zikatupwa karibu zote, ikabaki Night and Day. Wimbo mpya uliotungwa kwa ajili ya muvi, The Continental, ndo ulichukua Oscar ya kwanza kabisa ya wimbo bora.

Kuna kitu watu wanachanganya, nacho ni kujifanya mtu mwingine. Kwenye Love Me Tonight ya 1932 Chevalier ni fundi cherehani anayetambulishwa kwenye kasri kama baroni na yeye anakaa kimya, anaacha uongo uende, binti mfalme anampenda. Hapo steringi anajua, kwa hiyo swali la stori ni je akigundulika atasamehewa. Kwenye kufananishwa steringi hana hatia, hajui hata anatuhumiwa nini, na swali ni ukweli utapitia mlango gani. Sisi tuliosoma shuleni Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare aliotafsiri Mwalimu Nyerere, tunalijua lile la kwanza vizuri, Portia anavaa kiume, anakuwa mwanasheria, anamdai mume wake mwenyewe pete ya ndoa na jamaa anatoa bila kujua anampa nani. Michezo ya namna hii ni ya zamani sana, Warumi walikuwa nayo, Hollywood iliongezea dansi na sheria za Breen. Na waliokulia na sinema za Kihindi watajisikia nyumbani kabisa.

Mwaka 1937 Astaire, Rogers na Sandrich walifika mbali zaidi na Shall We Dance, nyimbo za George na Ira Gershwin. Safari hii anayekosea ni dunia nzima: magazeti yanavumisha kwamba Petrov na Linda ni mke na mume wakati hawajaoana. Meneja wa Linda anaongeza ushahidi, ana sanamu inayofanana kabisa na Linda, anaiingiza chumbani kwa Petrov akiwa usingizini na kupiga picha. Hakuna anayewaamini wakikanusha, mpaka wanaamua njia pekee ya kuonekana wameachana ni kuoana kwanza kisiri halafu wapeane talaka hadharani. Mwishoni Petrov anatengeneza shoo yenye wacheza dansi kibao wote wamevaa kinyago cha uso wa Linda, na Linda ambaye alikuja na karatasi za talaka mkononi anavaa kinyago na kujichanganya nao, jamaa inabidi amtafute aliye wa kweli.

Ukitaka kuanza, anza na Top Hat, ni saa moja na dakika arobaini hivi, ni black and white na haina haraka mwanzoni. Ukifika pale kwenye mkoba na fimbo usiangalie simu, ukipitwa na hapo hutaelewa makofi yote yanayofuata.