Chinchila ndani ya nyumba: watu wanavyodhani na hali ilivyo

Mdogo wangu yuko Kinondoni, Dar, juzi kanitumia klipu ya chinchila, kale kamnyama kadogo ka manyoya laini sana, anajigaragaza kwenye bakuli la vumbi, chini kaandika "dada huyu namtaka, ukija Desemba njoo nae." Nikacheka kidogo halafu nikakaa chini nimjibu vizuri, manake haya maswali naulizwa sana na ndugu na marafiki, na mengi yanaanzia kwenye vitu ambavyo sivyo kabisa. Mimi naishi Birmingham hapa Uingereza, ninao wawili, wote madume, niliwachukua kwenye kituo cha wanyama walioachwa, mmoja anaitwa Korosho mwenzie Ukwaju, huu ni mwaka wa sita tuko nao. Nawapenda mno. Na kwasababu nawapenda ndio nasema haya yote.

"Anatoka Amerika Kusini, kule joto kama kwetu, atazoea tu"

Hili naanza nalo kwasababu ndio linaloua. Amerika Kusini ni kubwa jamani, na chinchila ni mnyama wa milima ya Andes, sehemu kavu zenye miamba, mchana kajificha kwenye nyufa za mawe na usiku ukiingia na baridi yake ndio anatoka kutafuta chakula. Manyoya yake yameumbwa kwa maisha hayo. Sisi binadamu kwenye kitundu kimoja cha ngozi unywele unaota mmoja, labda miwili mitatu, yeye kwenye kitundu kimoja zinaota zaidi ya 50. Ukimshika ni kama umeshika moshi, mkono hausikii kitu. Sasa blanketi la namna hiyo halivuliwi, na yeye hatoi jasho, sehemu kubwa ya kupunguzia joto ni yale masikio yake makubwa.

Kwahiyo anapostarehe ni kwenye nyuzi kama 15 mpaka 21. Ikipita 25 unaanza kuwa macho, na kama hewa ina unyevu mwingi hata hiyo 25 yenyewe ni hatari. Dar mwezi wa pili usiku wa manane joto linaweza kugoma hapohapo 25 na hewa imejaa maji ya bahari, Mombasa vilevile, Muscat msimu wa joto ndio usiseme.

Mtu atakwambia weka feni. Feni inakupoza wewe kwasababu una jasho linalokauka, chinchila hana, ile feni inamsogezea hewa ya moto tu. Nakumbuka tarehe 19 Julai 2022, siku ile Uingereza ilipovunja rekodi, kule Coningsby wakapima nyuzi 40.3, na nyumba za huku zimejengwa kutunza joto lisitoke. Nilifunga mapazia tangu alfajiri, keji nikaihamishia chumba cha chini upande usiopigwa jua, nikawa natoa vigae vya graniti kwenye friza navibadilisha kila baada ya muda wanalalia. Mchana Ukwaju masikio yakawa mekundu mpaka mishipa unaiona, kajilaza ubavu, anahema haraka. Hapo ndipo kosa linapofanyika, mtu anamtia kwenye maji ya barafu. Usifanye hivyo, mshtuko wenyewe unaweza kummaliza. Unamtoa kwenye joto, unamweka juu ya kitu cha baridi, unalowesha masikio kidogo kwa maji ya kawaida na unampigia daktari hapohapo. Nilipiga, nikaelekezwa, jioni akaanza kukaa sawa. Ile siku sitaisahau.

AC inasaidia, sikatai, lakini iwe inawaka usiku na mchana msimu mzima wa joto, na umeme ukikatika saa nane usiku we umelala fofofo hakuna wa kumsaidia.

Na hii ya joto sio habari mpya. Chinchila wengi wanaofugwa leo duniani wametokana na wale 11 ambao Mmarekani mmoja injinia wa migodi, Mathias Chapman, aliwatoa Chile akawafikisha California mwaka 1923. Aliwashusha kutoka milimani polepole, na melini akawa anawapoza kwa barafu. Yaani miaka mia iliyopita mtu alishajua kwamba kinachotangulia ni baridi, mengine yanafuata.

"Si ni kapanya tu, miaka miwili mitatu basi"

Hapana. Hamsta ndio anaishi miaka miwili. Chinchila ukimtunza vizuri anaenda miaka 10, 15, wapo wanaofika 20. Ukimnunulia mtoto wa darasa la nne, huyo mtoto atamaliza fomu foo, ataenda chuo, ataoa, na chinchila bado yupo sebuleni kwako anasubiri nyasi. Korosho na Ukwaju waliachwa kituoni kwa hilohilo, familia ilihama na nyumba mpya hawakuruhusiwa wanyama.

Na ukoo wake sio panya wa jikoni wala sungura, yuko karibu zaidi na simbilisi (guinea pig), wale ambao watu wa Iringa na Njombe wanawafahamu vizuri.

"Mwogeshe na shampuu ang'ae"

Maji yakiingia kwenye manyoya yale hayakauki leo wala kesho, anapata baridi na fangasi wa ngozi wanaanza. Anaoga vumbi. Na sio mchanga wa ufukweni, mchanga una chembe kubwa zinakwaruza ngozi na macho, ni vumbi laini kabisa la mawe ya volkano, limesagwa kama poda ya mtoto. Unamwekea bakuli mara mbili tatu kwa wiki, dakika kumi unaliondoa manake likibaki analigeuza choo. Anavyoingia sasa! Anajirusha, anajizungusha haraka mpaka huoni kichwa wala mkia, anasimama, anajikung'uta, anarudia. Kisha unafuta TV, unafuta meza, unafuta mpaka majani ya maua. Kama nyumbani kuna mtu ana pumu lifikirie hilo mapema.

"Anapenda zabibu na karanga, ukimnyima unamuonea"

Kupenda anapenda. Mtoto nae anapenda pipi. Tumbo la chinchila limezoea majani makavu magumu yasiyo na utamu, na ukimpa karanga, mbegu, matunda, mkate, tumbo linajaa gesi, na yeye hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Chakula chake ni nyasi kavu muda wote, asubuhi zipo na usiku zipo, peleti (punje za chakula kilichoshindiliwa) kidogo kama kijiko na maji safi. Watu wa Kenya wanaouliza timothi, ile nyasi wanayopewa huku Ulaya, wataipata wapi, nyasi ya Rhodes iliyokaushwa vizuri inafaa, ile ile mnayolishia ng'ombe, ila isiwe na ukungu hata chembe. Lusani (alfalfa) sio ya kila siku, ina kalsiamu nyingi.

Sababu nyingine ya nyasi ni meno. Ana meno 20 na yote yanakua maisha yake yote, magego pia. Asipotafuna vitu vigumu, magego yanarefuka kwa ndani ambako huoni, yanachoma ulimi na shavu, mizizi inapanda kuelekea jichoni, na dalili unayoiona wewe ni mate kidevuni na jicho linalotoa machozi, kumbe ndani kumeshaharibika. Halafu meno ya mbele yakiwa ya njano kama chungwa watu wanadhani ni uchafu. Hiyo rangi ndio afya, yakiwa meupe ndio uulize.

Hapo kwenye ugonjwa niongeze hili. Usimpe dawa ya duka la dawa kwa kukisia. Amoksisilini ya kumeza, ambayo kwetu kila nyumba ina mabaki yake kwenye kabati, inaua bakteria wazuri wa tumbo lake na inaweza kumuua nae. Anahitaji daktari wa mifugo anayewajua hawa wadogo, mwenye eksirei ya kuona mizizi ya meno. Hata hapa sio kila kliniki inae, ulizia kabla hujaleta mnyama.

"Ni wa kukumbatia, watoto watafurahi"

Mtoto wa dada yangu alikuja likizo, miaka saba, akamkamata Korosho mgongoni kwa mapenzi tu. Korosho akachomoka, mtoto akabaki na fundo la manyoya mkononi anatetemeka, akidhani amemchuna. Ni kinga yao hiyo, ndege au mbweha akimkamata anaachia manyoya anakimbia. Yalichukua miezi kurudi. Mifupa yao ni myembamba, mbavu zinavunjika kirahisi, na wengi hawapendi kubebwa kabisa. Atakuja mwenyewe akupande begani, akunuse sikio, aondoke. Kwangu mimi hiyo ni raha tosha lakini mtoto mdogo hawezi kulielewa.

Na muda wao ni usiku. Mtoto anataka kucheza saa kumi jioni, chinchila amelala, saa sita usiku mtoto amelala ndio huyu anaruka kutoka ubao hadi ubao na kutafuna kila kitu, nyaya za chaja ndio anazipenda zaidi. Mkojo hauna harufu kali, kweli, ila kinyesi ni punje kavu mamia kwa siku na zinadondoka popote alipo.

Wawili ni bora kuliko mmoja, porini wanaishi makundi, ila usichukue dume na jike ukasema utaona mbele. Mimba ni siku 111, na jike anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kujifungua.

Kuna mwingine aliniambia kufuga ni kuwaokoa wasitoweke. Natamani ingekuwa hivyo. Waliwindwa kwa ajili ya makoti, koti moja linamaliza ngozi zaidi ya 100, mpaka mwaka 1910 nchi za Andes zikakubaliana kupiga marufuku, na bado hadi leo aina zote mbili za porini ziko hatarini. Hawa wa kwenye keji ni uzao wa mashamba ya manyoya, hawarudishwi milimani. Wale wa porini wanaokolewa kwa kulinda ardhi yao, kama hifadhi ya Las Chinchillas karibu na Illapel, Chile, iliyowekwa mwaka 1983.

Mdogo wangu nilimwambia kitu kimoja tu cha kufanya. Nunua kipimajoto, kiweke pale unapotaka kuweka keji, kisome wiki nzima mchana na usiku. Siku ya tatu akanitumia picha, saa tisa usiku, dirisha wazi, feni inazunguka, kipimo kinasoma 28. Chini yake kaandika "dada nimeelewa, nitumie picha za Korosho basi." Nimemtumia kumi na nne.