Seli za sola za kuchapwa: yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Ukipata wino wake, unajichapia sola kwa printa ya ofisini.

Hapana. Mashine zake ni za kiwandani, za aina ile inayochapa lebo kwenye marola ya plastiki. Kikundi cha Paul Dastoor katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, kimechapa hivyo juu ya plastiki isiyofika unene wa milimita 0.1. Wino hupakwa tabaka juu ya tabaka, kisha kazi yote hufungwa isiingie hewa. Faida kubwa iko kwenye moto: silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi, ilhali wino wa perovskaiti, aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme, hukaushwa kwenye nyuzi 100 hadi 150 hivi.

Dhana: "Nano" inayotajwa kwenye seli hizi ni neno la matangazo tu.

Mwaka 1991, wakiwa Uswisi, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitandaza chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za titani dioksidi, ule unga mweupe wa kwenye rangi za ukutani. Chembe hizo zikishikana huacha vitundu chungu nzima, na kuta za vitundu hivyo, ukizijumlisha, huzidi mara mamia eneo la kioo kilichozibeba. Rangi ya kunasa mwanga ikajishika kila ukuta. Bila udogo ule, seli yao isingetoa umeme wa maana.

Dhana: Zina madini ya risasi, kwa hiyo ni sumu kuliko sola za kawaida.

Perovskaiti zinazofanya vizuri zaidi zina risasi kweli, lakini kwa kawaida haifiki gramu moja kwa mita ya mraba. Betri ya gari, ambayo wengi tunaiunganisha na sola nyumbani, ina kilo kadhaa, na wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowaumiza. Hata hivyo, risasi ya perovskaiti huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo paneli iliyopasuka isiachwe mvuani.

Dhana: Subiri, sola za silikoni zimepitwa na wakati.

Perovskaiti imetoka kugeuza asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, mwaka 2009 nchini Japani, hadi kupita asilimia 25. Ni hatua kubwa mno, ila rekodi hizo ni za vipande vidogo vya maabara. Adui wake ni unyevu na joto, na pwani yetu ina vyote viwili. Paneli nyingi za silikoni huja na dhamana ya miaka 25. Ukiletewa ya kuchapwa, uliza kwanza dhamana yake ni miaka mingapi. Anayehitaji umeme leo anunue silikoni.