Je, wajua? Gideoni hakutandika ngozi ili ayajue mapenzi ya Mungu

Hapa Bukavu, ukisema mkeshani kwamba hujui kama ukubali kazi au uchumba fulani, hutakosa mtu wa kukushauri: "Mwekee Mungu ngozi." Maana yake, mpe Mungu ishara ya kutimiza, na akiitimiza umepata jibu. Mimi niliamini hivyo kwa miaka. Nilipoitwa kazini Uvira niliomba hivi: kesho mvua isiponyesha kabla ya saa sita mchana, nitajua niende. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao mvua yetu haikawii. Ikanyesha asubuhi, nami nikaikataa kazi kwa moyo mweupe, nikidhani nimetii.

Kosa langu lilianzia kwenye kusoma. Hadithi iko katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 6. Gideoni, mtu aliyeitwa na Mungu awaokoe Waisraeli na Wamidiani, anatandika ngozi ya kondoo kwenye kiwanja cha kupuria, akiomba umande uwe kwenye manyoya tu na nchi ibaki kavu. Wengi tunaanzia hapo. Lakini aliambiwa la kufanya mapema zaidi, katika mstari wa 14: enenda, ukawaokoe Israeli. Na katika mstari wa 36, akiwa bado hajaitandika hiyo ngozi, anasema kwa kinywa chake, "kama ulivyosema." Basi mapenzi ya Mungu alikuwa ameshayajua. Kilichompungukia ni ujasiri.

Angalia pia usiku wa pili. Manyoya hunyonya unyevu kuliko udongo. Anayeanika sweta nje usiku wakati wa kiangazi analijua hilo. Asubuhi ya kwanza Gideoni alikamua bakuli zima la maji, na huenda akajiuliza kama si tabia ya sufu tu. Andiko halisemi alichowaza, ila ombi la pili ni kinyume kabisa cha la kwanza: ngozi ikauke, nchi ilowe. Tena analitanguliza kwa kumsihi Mungu asimkasirikie, kama mtu anayejua kwamba anaomba kupita kiasi. Mungu alimvumilia, na hilo ni jema sana kwetu sisi waoga. Lakini hakuna mahali Biblia inapotuagiza tufanye vivyo hivyo. Hata kura: mitume waliipiga kumpata Mathiya, Matendo 1:26, na baada ya Pentekoste hatuwaoni tena wakiamua jambo kwa kura.

Basi mtu anayajuaje mapenzi hayo? Warumi 12:2 inasema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu, "mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu." Maneno "kujua hakika" yanabeba kitenzi cha Kigiriki, dokimazo, yaani kupima kitu mpaka ukikubali. Katika Luka 14:19 ndicho kitenzi cha mtu anayekwenda kuwajaribu ng'ombe wake, na katika 1 Petro 1:7 ni cha dhahabu inayopimwa kwa moto.

Nikitaka kuielewa kazi hiyo, namtazama kambisti, yule mbadilisha fedha mwenye meza ya faranga kando ya barabara. Umpe noti ya dola mia. Anaipitisha kidole, anaiinua kwenye mwanga, anakagua pembe zake, kwa kuwa hapa hata mpasuko mdogo huifanya noti ikataliwe. Haombi ishara kutoka mbinguni. Mkono wake umeshika noti halali maelfu kwa maelfu, na ya bandia inapofika, kidole kinashtuka kabla mdomo haujasema. Lakini mkono huo haukufunzwa kwa siku moja. Wetu nao unafunzwa na mapenzi ya Mungu yaliyo wazi: kutakaswa, 1 Wathesalonike 4:3, kushukuru kwa kila jambo, 5:18. Mtu asiyejali hayo yaliyoandikwa atapimaje lisiloandikwa?

Sisemi Mungu haongozi kwa njia za ajabu. Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia, Matendo 16. Ila hakuyaomba, na mstari wa 10 unaonyesha kwamba walioamua ni wengi, wakiyapima pamoja.

Ombi ninalolishika sasa ni lile la Wakolosai 1:9, kwamba tujazwe maarifa ya mapenzi yake "katika hekima yote na ufahamu wa rohoni." Paulo haombi dalili. Anawaombea watu wawe na uwezo wa kupima. Nafasi nyingine ya kazi ilipokuja, niliomba maneno hayo majuma matatu. Nikaketi na mchungaji wangu na dada yangu mkubwa, tukazungumza juu ya afya ya mama, kodi ya nyumba, na kama kazi yenyewe ingenidai kusema uongo. Safari hii nilikubali, na siku ya kuondoka mvua ilinyesha tangu alfajiri.