Kiwavijeshi vamizi pichani: anza na ncha ya bawa

Tangu mwaka 2017, Uganda ilipothibitisha kwamba kiwavijeshi vamizi ameingia kwenye mahindi yetu, picha za nondo, ambaye ndiye kiwavi akishakomaa, hazijakoma kufika kwenye simu yangu. Zinatoka Kasese, Busia, Masindi, na nyingi huja na swali lilelile: "Daktari, huyu ndiye?" Swali hilo lina uzito, kwa sababu kuna mtu anayesubiri jibu akiwa ameshika bomba la dawa.

Dume wa vamizi, Spodoptera frugiperda kwa jina la kitaalamu, ndiye rahisi kuliko wote. Bawa la mbele lina baka jeupe karibu na ncha, na katikati kuna doa la umbo la yai, rangi ya kahawia hafifu, lililolala mshazari. Nikiyaona yote mawili kwenye mabawa yote mawili, sisiti.

Lakini baka hilo hudanganya. Mabawa ya nondo yamefunikwa na magamba madogo kama vumbi, na nondo aliyehangaika ndani ya mtego hupoteza magamba hayo, hasa nchani. Pichani sehemu iliyochunika nayo huonekana nyeupe. Kuza picha utazame ukingo wake. Baka la kweli lina weupe mkavu wa magamba na liko mahali pamoja kulia na kushoto. Sehemu iliyochunika hung'aa kama karatasi ya nailoni, mishipa ya bawa inaonekana wazi, na mara nyingi bawa moja limechunika kuliko jingine. Mwanga wa flashi huzidisha utata, kwa hiyo naomba picha za kivulini, mchana.

Ndugu yake wa hapa kwetu, Spodoptera exempta, ni yule kiwavijeshi wa siku zote, ambaye makundi yake hulipuka mvua zinapoanza baada ya ukame na kufyeka malisho, wimbi, mtama na mahindi. Dume wake hana baka jeupe nchani. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe; ya exempta mishipa yake huonekana kwa rangi nyeusi zaidi, ila peke yake sikitegemei kigezo hicho. Spodoptera littoralis wa pamba na mboga hasumbui sana: bawa lake la mbele limechorwa mistari ya rangi ya maziwa inayokatana kama wavu.

Anayesumbua watu wa mitego ni mwingine kabisa. Mitego ya harufu iliyotengenezwa kumvuta dume wa vamizi humvuta pia Leucania loreyi, na afisa anayehesabu nondo kwa haraka humjumlisha humo humo. Hesabu inapanda, hofu inapanda, na dawa inapulizwa bila sababu. Leucania huyo ana rangi ya nyasi kavu, na katikati ya bawa la mbele ana nukta moja ndogo nyeupe. Mabawa yake ya nyuma ni meupe pia, ndiyo maana anayetazama upande wa tumbo tu hukosea.

Kwa majike, picha inafika mwisho wake mapema. Jike wa vamizi ni wa kijivu na kahawia tu, hana baka, na akishachakaa ni vigumu kumtofautisha na majike wengine wa jenasi hiyo, yaani kundi la Spodoptera. Kuna dalili moja ninayoithamini: jike wa exempta ana magamba meusi kama nywele mwishoni mwa tumbo, na hayo hayo huyafunika mayai yake. Kwa hiyo ukikuta mayai karibu na nondo, yapige picha pia. Nje ya hapo ninaandika "Spodoptera, jike" na kuishia hapo. Jina kamili la kubahatisha likiingia kwenye ramani za wadudu linawapotosha wengine wengi. Kumalizia kazi kunahitaji viungo vya uzazi chini ya hadubini, na hapo nahitaji nondo mwenyewe, aliyekaushwa na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi.

Kuna jambo ambalo hata hadubini haiwezi. Vamizi ana aina mbili, ya mahindi na ya mpunga, na kwa sura ni kitu kimoja. Zinatenganishwa kwa DNA tu.

Ukinitumia picha, niwekee tatu: mgongoni, ubavuni, na moja yenye bawa la mbele lililosogezwa kwa mwiba ili la nyuma lionekane. Weka rula pembeni. Andika mahali, tarehe na zao. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, maana ikitumwa kawaida hubanwa na magamba yote yanageuka ukungu. Na kama kuna kiwavi kwenye moyo wa mmea wa mahindi, nipigie picha yake kwa juu, karibu na mkia: nukta nne nyeusi zilizopangwa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho zinanipa uhakika zaidi kuliko ile alama ya Y kichwani ambayo kila mtu huitafuta.