Anayekoroma akienda kupasuliwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Huyo akilala, nyumba nzima inajua," husema ndugu wakicheka. Lakini kwa baadhi ya wakoromaji koo hujifunga kabisa usingizini. Kifua na tumbo vinahangaika, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu anashtuka kwa mkoromo mzito na pumzi inarudi. Wenye hali kali hupatwa na hayo mara 30 au zaidi kwa saa. Mchana huonekana wachovu tu, kwa hiyo wengi huingia chumba cha upasuaji bila mtu yeyote kujua kwamba wana ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini.

"Kukoroma si jambo la kumweleza daktari."
Mweleze daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji, mapema, kabla ya siku yenyewe. Na kwa kuwa mkoromaji hajisikii, mwenye habari kamili ni mke, mume au yeyote anayelala naye chumba kimoja. Aende naye kwenye mahojiano. Maswali manane ya STOP-Bang, yaliyochapishwa mwaka 2008 na Frances Chung na wenzake wa Toronto, hayahitaji mashine ya bei kubwa: unakoroma kwa sauti, unachoka mchana, kuna aliyeona pumzi yako ikikatika, una presha, uzito umezidi sana, umepita miaka 50, shingo ni nene, ni mwanamume? Ukijibu "ndiyo" mara tano au zaidi, hatari ya kuwa na ugonjwa huu ni kubwa.

Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulipima usingizi wa watu 1,218 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa usio wa moyo, bila kujulikana kama wana tatizo hili. Ndani ya siku 30, wagonjwa 30 kati ya kila 100 wenye hali kali walipata matatizo ya moyo na mishipa, dhidi ya 14 kati ya kila 100 wasio na ugonjwa.

"Akitoka kupasuliwa salama, yamekwisha."
Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Wakati wa upasuaji, daktari wa usingizi hukaa kichwani pa mgonjwa, na mara nyingi mpira wa kupitisha hewa uko kooni. Wodini usiku mgonjwa amelazwa chali, kachomwa mofini au pethidini, dawa kali za maumivu, na nesi mmoja ana vitanda vingi. Siku zote kinachomwokoa ni ubongo kushtuka pumzi inapokatika. Dawa hizo huufifisha mshtuko huo. Tena usiku wa tatu unaweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu usingizi wa ndoto uliopotea baada ya upasuaji hurudi kwa nguvu, na ndani yake koo hulegea zaidi.

"Anakoroma, amelala vizuri, mwacheni."
Hapana. Baada ya mofini, mkoromo unaokatika ghafla, kimya, kisha mkoromo tena ni dalili ya hatari. Mwite jina. Asipoamka kwa urahisi, au akivuta pumzi chini ya 10 kwa dakika, muite nesi hapo hapo. Ipo dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, naloksoni. Mgonjwa alazwe ubavu au ainuliwe kichwa, upasuaji ukiruhusu.

"Ana oksijeni, hana shida."
Oksijeni haifungui koo. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kusoma asilimia 97 huku hewa chafu (kaboni dioksidi) ikijaa mwilini. Kama ana mashine ya CPAP nyumbani, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa, aje nayo hospitali.

"Basi asipewe dawa ya maumivu."
Apewe. Parasetamoli, diklofenaki kama figo na tumbo vinaruhusu, ganzi ya mgongo au ya mshipa wa fahamu: vyote hupunguza haja ya mofini.

"Ni ugonjwa wa watu wazima wanene."
Mwembamba mwenye taya dogo anaupata. Mtoto mwenye tonsili kubwa pia. Baada ya watoto kadhaa kufariki, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili, kwani baadhi ya miili huigeuza kuwa mofini kwa kasi mno. Urithi huo wa mwili umeonekana kwa wingi Ethiopia. Mwaka 2017 tramadoli nayo ilikatazwa baada ya upasuaji huo kwa walio chini ya miaka 18. Mzazi akikuta kodeini au tramadoli kwenye bahasha ya dawa, arudi kwa daktari kabla ya kumpa mtoto na kuuliza kama parasetamoli na ibuprofeni zitatosha.